Mafungu Arobaini ya Mtaro wa Tatu

Watu wa Kingi, kwetu Masisi, hawakuwahi kumsifu Sebahire kwa maneno mengi, ila jambo moja walilikubali wote: hapakuwa na mtu aliyejua kulichukia jiwe kama yeye. Jiwe likionekana katikati ya maharage yake, aliinama, akaling'oa, akalibeba mpaka ukingoni na kulipanga juu ya wenzake. Likionekana katika shamba la jirani aliling'oa pia, halafu wakagombana. Kwetu milimani ndivyo mtu anavyopimwa. Udongo wetu una haraka ya kuteremka bondeni, na asiyekusanya mawe yake akayajenga kuwa ukingo, mvua mbili tu zinamtosha. Kijana akienda kuposa, wazee wa upande wa pili hawaulizi sana. Wanapita kimya kimya kuangalia kingo za shamba lake.

Kwa kingo hizo alimpata Verdiane, binti wa watu wa Burungu, mwaka 1949. Walikuwa wamekaa pamoja miezi mitano tu wakati jina la Sebahire lilipoingia kwenye orodha ya vijana wa kwenda kazi ya madini Walikale, miaka mitatu. Siku hizo jina likishaandikwa, basi tena. Verdiane hakulia mbele ya watu. Alifunga mbegu za maharage kwenye kitambaa, akakaza fundo kwa meno.

"Huko pori banakula tu muchele na samaki ya chumvi," akamwambia. "Panda hizi. Nisisikie bwana yangu amekonda."

"Miaka tatu itapita mbio."

"Itapita mbio kwako. Weye unaenda. Miye njo nabakia."

Katika hilo Verdiane alikosea, maana haikupita mbio kwa yeyote kati yao. Kingi ukisimama mlangoni unaona moshi wa nyumba ishirini, na ukikohoa, jirani anakuuliza umelalaje. Kule Walikale msitu ulikuwa umefunga pande zote na jua lilifika chini vipande vipande. Sebahire alipewa karai, akawekwa mtoni. Kazi yake ilikuwa kuchota mchanga wa mto, kuuzungusha majini mpaka ule mwepesi umwagike, kisha kutazama kilichobaki. Mara nyingi hakikubaki kitu. Mara mojamoja zilibaki punje nyeusi, nzito kupita ukubwa wake. Hiyo ndiyo kasiteriti, mawe yenye bati ndani.

Alisimama majini kutwa, wenzake wakiwa wametawanywa kwenye vijito vingine, kila mtu na chake. Jumapili alisali rozari, akijiitikia mwenyewe. Likizo alipewa mara moja, siku kumi. Akapiga hesabu: kwenda siku tano, kurudi siku tano. Angefika, angemsalimia Verdiane mlangoni, angegeuka. Likizo ile aliimaliza amekaa mbele ya kibanda chake akitazama mvua. Kila alipohamishiwa mto mpya alipanda maharage machache, na kila mara waliondoka kabla hayajakomaa, au nguruwe mwitu wakayawahi. Mwanzoni mwa 1952 kitambaani ilikuwa imebaki konzi moja.

Kilichomsaidia asipotee akili ni zile punje. Alianza kuzisoma. Punje ya mviringo, laini, imesafiri mbali, imegongana na mawe njia nzima. Punje yenye pembe kali haijaenda mbali na kwao. Ukipanda mto na pembe zikazidi kuwa kali, halafu ghafla karai likatoka tupu, ujue umeshapita. Geuka, tazama mlima uliouacha ubavuni.

Mkubwa wa kazi alikuwa Mbelgiji mmoja mrefu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Nyundo, kwa sababu ya nyundo aliyoivaa kiunoni hata akiwa mezani. Naye alikuwa mpweke, ingawa ukimwambia hivyo angekufukuza. Ndiyo maana aliongea. Siku Sebahire alipomwonyesha zile punje kali, Bwana Nyundo alikaa juu ya mwamba, akamweleza habari ndefu. Alisema milima hii zamani sana ilikuwa matope na mchanga chini ya maji, tabaka juu ya tabaka. Halafu nchi ilibanwa kutoka pande mbili, tabaka zikajikunja kama mkeka unaosukumwa ukutani, na hivyo ndivyo milima ilivyoinuka mstari mmoja mrefu. Chini kabisa kulikuwa na moto wa kuyeyusha mawe. Mawe yaliyoyeyuka yakapanda, yakaingia ndani ya ile mikunjo, lakini hayakufika nje. Yakapoa humo humo gizani, polepole, mpaka yakawa graniti.

"Sasa sikia," akasema Bwana Nyundo. "Wakati inapoa, kila kintu inajipatia nafasi ndani ya jiwe. Lakini bati haipate nafasi. Haitakiwe. Inabakia ndani ya maji ya mwisho, maji ya moto sana. Maji ile inatafuta mahali mawe ya juu ilipasuka, inaingia, inapoa, inaacha jiwe nyeupe na bati ndani yake."

Sebahire alimkumbuka mama yake.

"Ni kama chumvi ya majivu," akasema. "Mama yangu alikuwa anachoma majani ya kinamasi, anachuja majivu, anatokotesha maji. Maji inapunguka, inapunguka, chumvi inakataa kutoka. Inangojea maji ya mwisho kabisa."

Bwana Nyundo akatoa daftari lake, akaliandika neno hilo. Sebahire alifurahi siku mbili nzima, na hakuwa na mtu wa kumweleza.

Mlima uliotafutwa ukapatikana. Uliitwa Kitunda, mwendo wa siku moja na nusu kutoka Buleusa, na kikosi kikaletwa kuuchimba mitaro mitatu kutoka kwenye graniti ya chini kuelekea kileleni. Mtaro wa tatu ulikuwa na mita arobaini. Mwezi wa nne Bwana Nyundo alikwenda likizo Ulaya, kikosi kikapelekwa kwingine, na Sebahire, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuaminika, akaachwa peke yake kulinda. Isidore, kapita, yaani msimamizi wa kazi, mtu wa Buleusa mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri, angemletea chakula mara moja kwa mwezi.

"Uangalie pahali pabakie muzuri," Bwana Nyundo alimwambia wakati wa kuagana. "Nikirudia nitasoma mawe. Ikiwa mushipa inaenda mbali, tutajenga kambi hapa. Nyumba za matofali. Kila mutu na bibi yake."

Kila mtu na bibi yake. Sebahire aliyarudia maneno hayo mpaka yakawa sala ya pili. Akamwandikia Verdiane kwamba ajiweke tayari. Ndipo akauangalia mtaro wa tatu kwa jicho la mtu wa Kingi, akaona aibu. Ukingoni, upande wa kulia, yalilala mafungu ya mawe, moja baada ya jingine, kuanzia chini mpaka juu, juu ya udongo mzuri mweusi. Verdiane angekuja akute shamba la namna hii? Angesema bwana yake amekuwa mvivu porini.

Basi alifanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Mwezi wa saba, kwa wiki mbili, aliyabeba mawe yale yote, akayajenga kuwa ukingo mmoja ulionyooka, mrefu wa kufika kiunoni, kazi safi ya kupendeza. Akalima ule udongo. Akapanda konzi yake ya mwisho.

Isidore alipofika mwisho wa mwezi wa saba, alitua mzigo, akaunyoosha mgongo, akatazama. Akatazama tena.

"Kaka, mafungu iko wapi?"

"Mafungu gani?"

"Mafungu ya mawe! Arobaini! Kila mita na fungu yake!" Isidore alishika kichwa. "Ile haikuwa takataka, kaka. Ile njo kitabu. Mutaro imesha kubomoka na mvua, hakuna tena kintu ya kuona ndani. Fungu ya kwanza ni mita ya kwanza, fungu ya pili ni mita ya pili. Bwana Nyundo hajachukua hata jiwe moja, alisema atasoma akirudia. Sasa atasoma nini? Ukuta?"

Sebahire alikaa chini. Kwa miaka karibu mitatu alikuwa mtu wa karai na mito. Mitaro ilichimbwa na wengine, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba jiwe lina mahali pake.

"Anarudia wakati gani?" akauliza.

"Mwezi wa kumi." Isidore alimhurumia, akakaa karibu naye. "Juu ya nini umefanya vile?"

"Juu ya bibi yangu," akasema Sebahire, na machozi yakamtoka mbele ya mwanaume mwenzake, wala hakuyaficha.

Isidore alipoondoka, Sebahire aliuzunguka ule ukingo siku nzima bila kula. Aliupenda na aliuchukia. Asubuhi iliyofuata aliubomoa.

Alianza na kitu alichokijua. Mawe ya graniti yenyewe, yenye madoa meupe na meusi, yalitoka chini kabisa. Hayo aliyapeleka mita ya kwanza na ya pili. Mawe meupe yaliyovaa ulanga pembeni, ile mika inayong'aa na kubanduka kama maganda ya kitunguu, yalipaswa kuwa karibu na graniti, mahali maji ya mwisho yalipokuwa bado na moto. Humo ndimo punje nyeusi za bati zilimokuwa nene kama maharage yenyewe. Kisha yalikuja mawe ya tabaka, ya mlima wa zamani uliojikunja, yenye sindano nyeusi za madini zilizopenya kutoka kwenye mpasuko. Sindano ndefu na nyingi, karibu. Sindano fupi na chache, mbali. Juu kabisa jiwe jeupe lilikuwa jembamba, limekauka, halina ulanga wala bati, na pembeni mwake mawe ya tabaka yalikuwa makavu, hayajaguswa na chochote. Maji yale yalipofika huko yalikuwa yameshaacha kila kitu njiani.

Alifanya kazi wiki saba. Alilinganisha jiwe na jiwe, mvunjiko na mvunjiko, akipata wakati mwingine vipande viwili vilivyoshikana kama kibuyu kilichopasuka. Ndipo furaha ilimpata kidogo, kisha akakumbuka hana wa kumwita aje aone. Alianza kuyasemesha mawe. "Weye ni wa wapi?" "Weye si wa hapa, usinidanganye." Maharage yaliota pembeni, yakatoa maua, na yeye akapita katikati yake na mikono imechanika.

Siku moja adhuhuri aliona jambo ambalo alikuwa amelikwepa. Bati jingi lilifikia fungu la tisa tu. Kuanzia la kumi bati lilipungua, na kufikia la kumi na tano hapakuwa na kitu. Mshipa ulikuwa mfupi. Bwana Nyundo angeyasoma, angefunga daftari, na Kitunda ungeachiwa nyani.

Alisimama akilishika jiwe moja lenye bati. Nani angejua? Alilichukua, akaliweka fungu la ishirini. Akaweka jingine fungu la ishirini na tano, jingine la thelathini. Aliweka sita. Kwa mbali mshipa ulionekana mrefu na mzuri, na ndani yake alimwona Verdiane akitoka kwenye nyumba ya matofali na ungo mkononi.

Alijaribu kuendelea na kazi, ikashindikana. Kila alipoinua macho aliyaona yale sita. Yalikaa vibaya. Jiwe lililovaa ulanga limekaa kati ya mawe makavu yasiyo hata na sindano moja. Lilikuwa halina ndugu pale, na yeye alijua habari ya kukaa mahali usipo na ndugu. Jua lilipoanza kushuka aliyatoa yote, moja moja, akayarudisha. Alijitukana kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili, na kwa maneno machache ya Kifaransa aliyoyajua.

Bwana Nyundo alifika katikati ya mwezi wa kumi, na Isidore, na wachimbaji wanne. Sebahire hakungoja aulizwe. Alisimama mbele yake, kofia mkononi, akaeleza yote: ukingo, maharage, wiki saba. Mbelgiji alipandwa na hasira mpaka masikio yakawa mekundu. Alitupa kofia yake chini. Halafu, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaanza kutembea pembeni mwa mafungu.

Akaokota jiwe kwenye fungu la saba. "Juu ya nini hii iko hapa?"

"Juu ya ulanga yake, Bwana. Iko mukubwa. Maji ilikuwa bado moto."

"Na hii?"

"Sindano iko kidogo. Chumvi ilikuwa inakaribia kuisha."

Bwana Nyundo alilirudisha jiwe mahali pake. Aliwaamuru wachimbaji wafungue mtaro upya mahali patatu. Kazi hiyo ilichukua siku tisa. Mawe yaliyotoka ardhini yalifanana na ya kwenye mafungu. Katika yote yaliyopimwa, mawili tu Sebahire alikuwa ameyakosea mahali. Bwana Nyundo alipiga mluzi. Kisha alikaa, akaandika muda mrefu, akafunga daftari.

"Mushipa inakufa mita kumi na ine," akasema. "Maji ya moto ilikosa njia. Mawe ya juu ilikunjwa ikabanana sana, haikupasuka. Bati ilibakia chini ndani ya graniti, imesambaa, haifae kintu. Tunafunga."

Alisimama, akamshika Sebahire bega, jambo ambalo hakuwa amemfanyia mtu yeyote. "Lakini weye, siwezi kuacha mutu kama weye arudie kulima. Nimeandika jina yako. Tunafuata milima ingine, mangaribi. Miaka tatu."

"Na bibi yangu, Bwana?"

"Kule hakuna nyumba. Kule ni hema."

Isidore alisubiri mpaka mzungu akaenda zake.

"Kaka," akasema taratibu, "ungeacha tu ile ukuta yako. Tungechimba upya mutaro yote, mwaka muzima. Wachimbaji wangejengewa nyumba. Bibi yako angekuya."

Sebahire alikuwa ameshaliona hilo kabla yake. Hakuna aliyemlazimisha kuyapanga mawe vizuri namna ile. Alilia mara ya pili, safari hii akiwa peke yake, kati ya maharage, ambayo yalikuwa yamekauka na yakigongana kwenye maganda yake.

Aliyavuna. Yalijaa mfuko mmoja mdogo wa turubai, ile mifuko ya kutilia mawe ya kupimwa. Kila mfuko ulikuwa na kikaratasi cha kuandika mahali jiwe lilipotoka, na Sebahire, kwa mazoea au kwa uchungu, aliandika: *Mtaro wa tatu, mita 1 mpaka 40. Maharage.* Isidore, ambaye alikuwa anatumwa Masisi, akaupeleka mpaka mkononi mwa Verdiane.

Miaka mitatu ya magharibi ikazidi ikawa karibu minne. Mwaka wa kwanza na wa pili alituma barua kila alipompata mchukuzi, akisema anarudi. Mwaka wa tatu hakuandika hata moja. Alikuwa amechoka kuandika kwamba anarudi.

Alifika Kingi mwisho wa mwaka 1956, saa za mchana, nywele zimeanza kuwa nyeupe pembeni. Verdiane alikuwa mlangoni akipepeta. Hakukimbia. Aliweka ungo chini, akamtazama kama mtu anayetafuta ufa, kisha akampa maji.

Ndani, kwenye ubao wa ukutani, palikuwa na vyungu vinne vidogo vimepangwa mstari. Kwenye cha kwanza, kwa uzi, kilining'inia kile kikaratasi.

"Katekista alinisomea," akasema Verdiane. "Nikamuuliza, mita ni nini? Akasema, ni mahali kintu inatoka, haifai kuchanganya. Basi sikuchanganya. Kila mwaka nilipanda hizi tu pembeni, na kila mwaka nikaweka kidogo ndani ya chungu yake."

Sebahire akavishika kimoja kimoja, akatazama. Cha kwanza, punje nene: mvua ilikuwa njema. Cha pili, punje ndogo, zimekunjamana: jua lilipiga kabla ya wakati. Cha nne kilijaa mpaka mdomoni.

Cha tatu kilikuwa kitupu.

Alikishika muda mrefu. Alijua ni mwaka gani.

"Mwaka ile sikupanda," akasema Verdiane nyuma yake. "Nilisema huyu amekufa, ao amepata bibi ingine. Nilikuwa na hasira hata mukono ilikataa jembe."

"Na chungu? Juu ya nini hukukitoa?"

"Nikitoe nikipeleke wapi?" akasema Verdiane. "Hapa njo mahali pake."

Sebahire akakirudisha katikati ya vile vingine, pale pale kilipokuwa, kisha akakaa chini karibu na mkewe.